Mlezi Mpya wa Mtoto Wako

Fundi Komeo hakuzaliwa na jina hilo. Mtaa ndio uliompa, na mtaa ukishakupa jina huna pa kulirudisha. Alikuwa fundi wa funguo na makufuli, kibanda chake kimebanwa kati ya duka la fotokopi na ukuta wa posta ya zamani, na mlango wa nyumba aliyopanga ulikuwa na makomeo matatu: la juu, la katikati, na la chini kabisa karibu na sakafu, ambalo kila asubuhi lilimfanya ainame kama mtu aliyeangusha sindano. Watu walimcheka. Yeye aliwajibu, "Ninyi mnalala kwa sababu hamjui. Mimi najua." Na kweli alijua. Mtu aliyefungua vitasa vya wenzake kwa miaka ishirini na sita hawezi tena kuuamini mlango.

Wala hakuamini vingine vingi. Mteja akimletea ufunguo achongewe wa pili, fundi alimuuliza ni wa mlango upi, na huo wa pili anapewa nani, na huyo nani anautakia nini. Wengine walikasirika wakaenda kwa mafundi wa upande wa sokoni, ambao huchonga kwanza na hawaulizi kamwe. Simu ya namba asiyoijua hakuipokea. Aliiacha iite mpaka ichoke. Akiambiwa habari njema aliuliza, "Halafu?" Hakuwa mtu mbaya, tuelewane, lakini ungemwambia jua limechomoza angetoka nje kuhakikisha.

Kitu kimoja tu hakukitilia shaka, nacho ni mpwa wake, binti wa miaka kumi na miwili, mtoto wa marehemu dada yake. Hayo mengine yote aliyatilia shaka kwa ajili ya huyo.

Dada alifariki mtoto akiwa na miaka minne. Baba wa mtoto alikuwa ameshaondoka zamani kwenda kutafuta kazi nchi ya mbali, akajipoteza huko, si barua si salamu. Basi mjomba akamchukua mtoto, bila kikao na bila karatasi, maana nani anakumbuka karatasi msibani? Wakakaa miaka miwili vizuri. Kisha siku moja akatokea mtu wa shati jeupe, akasema yeye ni baba mdogo wa mtoto, na mkononi ana barua yenye mhuri. Fundi aliusoma mhuri kabla ya kuisoma barua. Barua ilisema ukoo wa baba unamtaka mtoto wao. Fundi hakusema neno. Alikunja nguo za mtoto akazitia kwenye mfuko, akamfunga kamba za viatu, akamkabidhi. Kisha akafunga kibanda siku nne, na mtaa mzima ukadhani anaumwa.

Baada ya miezi mitatu baba mdogo yule yule akamrudisha. Hata kwenye gari hakushuka. Alisema mke wake hawezi kelele za watoto. Na mtoto mwenyewe alirudi hana kelele hata moja. Mwaka mzima ulipita kabla hajaanza tena kuuliza maswali mezani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tangu siku ile fundi akiona karatasi yenye mhuri aliifunika kwa kiganja kabla hajajua imeandikwa nini.

Ndiyo maana binti alipopata nafasi shule ya kati, na fomu ya kujiunga ikauliza "Uhusiano wako na mwanafunzi", fundi alikaa na fomu ile siku mbili. Akiandika mjomba, wataomba hati. Hati hana. Wakijua hana hati, watamtafuta mwenye nayo. Siku ya tatu akaandika: Baba. Herufi nne tu, na zilimnyima raha kuliko deni.

Shule ilifunguliwa. Wiki ya kwanza ikapita salama, jambo ambalo lilimtia wasiwasi. Jumanne ya wiki ya pili binti akaja kibandani na bahasha imefungwa kwa gundi. "Wametupa wote," akasema, akaitupa juu ya meza ya kazi na kwenda kununua maji. Fundi akaifungua kwa ncha ya tupa. Ndani mlikuwa na maneno haya:

"Ndugu Mzazi, tunafurahi kukutaarifu kwamba mtoto wako amepangiwa mlezi mpya kwa mwaka huu. Kuanzia sasa mambo yote yanayomhusu mtoto yatapitia kwa mlezi huyo. Mlezi atawasiliana nawe hivi karibuni ili mfahamiane. Tafadhali mpe ushirikiano. Uongozi wa Shule."

Chini yake, mhuri wa bluu.

Msomaji aliyewahi kuwa na mtoto shuleni huenda ameshaanza kucheka. Asubiri. Ni rahisi kucheka ukiwa na hati yako kabatini. Fundi alisoma mara tatu. Neno "tunafurahi" ndilo lililomuudhi kuliko yote. Wanamnyang'anya mtoto, na bado wanafurahi! Akaukunja waraka, akautia chini ya sinia la funguo mbovu, na binti aliporudi na maji akakuta mjomba wake anachonga ufunguo ambao hakuna aliyeuagiza.

Kesho yake asubuhi, binti akiwa shuleni, akaupeleka waraka kwa jirani, mwanamke wa fotokopi, ambaye mtaa ulimwita Mama Nakala.

"Mama Nakala, wewe unashinda na karatasi za watu. Hebu nisomee hii."

"Kwani wewe hujui kusoma?"

"Najua. Nataka nione kama na wewe unaona ninachokiona."

Mama Nakala akavaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Mh."

"Mh nini?"

"Mlezi wa mtoto si wewe?"

"Ndilo ninalouliza."

"Basi wamekutoa," Mama Nakala akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, ila ile huruma yenye hamu ya kujua zaidi. "Siku hizi mambo yote ni kompyuta, fundi. Kompyuta ikiona jina la baba na jina la mtoto hayaendani, inawaambia. Shemeji yangu alinieleza."

Shemeji yake huyo ndiye aliyewahi kumweleza pia kwamba kunywa maji umesimama kunapunguza urefu. Siku nyingine fundi angelikumbuka hilo. Siku ile alikumbuka tu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

"Nikutolee nakala?" Mama Nakala akauliza.

"Ya nini?"

"Ya kesi."

Unaweza kuuliza, kwa nini asimuulize mtoto mwenyewe? Swali zuri, na lingeimaliza hadithi hapa hapa. Lakini fundi alikuwa mjomba mwenye kiburi cha upole. Hakutaka kumtisha. Alisema moyoni kwamba mtoto ameshateswa na karatasi mara moja, inatosha. Kwa hiyo akaamua kumchunguza kwa mbali, kama anavyochunguza kitasa asichokijua, anatikisa kidogo huku na kidogo kule.

"Shuleni kuna mtu anakuuliza habari za nyumbani?" akasema jioni ile wakila.

"Wiki ya kwanza tulijaza karatasi. Unaishi na nani, unapenda nini, unaogopa nini."

"Ukaandika nini?"

"Napenda kuchora. Naogopa jogoo."

"Hapo kwenye unaishi na nani."

"Nimeandika naishi na mjomba wangu." Binti akamtazama. "Kwani wewe ni nani?"

Kijiko kikamtoka mkononi fundi. Karatasi mbili, shule moja: moja inasema baba, nyingine inasema mjomba. Mtego ulikuwa umewekwa na mtoto hakujua kwamba yeye ndiye aliyeufyatua. Fundi akaokota kijiko, akakifuta, akasema chakula kimepoa. Chakula kilikuwa kinatoa moshi.

Alhamisi simu ikalia mlio wa ujumbe. "Salamu mzazi. Mimi ni mlezi wa mtoto wako. Napenda kukujulisha kwamba amezoea vizuri, ni mchangamfu, na anaelewana na wenzake. Nitakupigia ili tufahamiane." Fundi akaisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Amezoea! Amezoea kwa nani? Na hao wenzake ni akina nani? Kwa hiyo si mmoja, wamekusanywa wengi. Akaona jinsi kazi hii inavyofanywa na watu wanaoijua: hawaji na gari wala kelele, wanamzoeza mtoto kidogo kidogo mchana, mpaka siku ya kuondoka ajikute anaaga mwenyewe.

Ijumaa namba ile ikapiga mara mbili. Hakupokea. Jumamosi na Jumapili kimya, na kimya kile hakukipenda vilevile. Binti alishinda anachora na kupiga soga, mjomba anamtazama mpaka akaulizwa kama ana kitu usoni. Jumatatu ikapiga mara tatu. Saa kumi na moja ukaja ujumbe: "Mzazi, nimekupigia bila mafanikio. Kesho nitazungumza na mtoto, halafu mchana nitafika kwako mwenyewe."

Basi fundi akaona sasa mambo yamefika shingoni. Kulipopambazuka akafungua makomeo yake, akamkuta binti ameshavaa sare.

"Leo huendi shule."

"Naumwa?"

"Hapana."

"Wewe unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa nani anaumwa?"

"Vua sare. Leo utanisaidia kibandani kupanga vitasa."

Binti alifungua mdomo, akaona uso wa mjomba wake, akaufunga. Alijua sura zake zote na hii hakuwahi kuiona. Wakaenda. Fundi akamkalisha nyuma ya pazia, pale anapoweka vitasa vya zamani na jiriwa ya akiba ya kubania vyuma, akamwambia asitoke hata akisikia anaitwa. Asubuhi yote binti akapanga vitasa kwa ukubwa, kisha kwa rangi, kisha kwa uzuri. Mjomba alichonga funguo nne akaharibu tatu.

Saa nane mchana akaja mwanamke kijana, viatu vimejaa vumbi, jalada kwapani, blauzi nyeupe. Nguo nyeupe zina nini na watu hawa, fundi akajiuliza.

"Habari za kazi, mzee."

"Kazi ipo."

"Namtafuta fundi Komeo. Mimi ni mlezi wa mtoto wake. Leo hajaonekana, nikaona badala ya kupiga simu tu nifike..."

"Umepotea."

"Wewe si ndiye fundi Komeo?"

"Ndiye."

"Na mtoto..."

"Mimi sina mtoto," fundi akasema.

Yule mwanamke akafungua jalada, akatazama, akalifunga. "Huna?"

"Sina mtoto. Sijaoa, sijazaa. Uliza mtaa mzima. Labda ni fundi mwingine, jaribu upande wa sokoni."

Mwanamke akamtazama. Hakubisha. Akasema samahani kwa usumbufu, akaondoka taratibu, anatazama namba za milango. Fundi akapumua. Kwa muda wa pumzi tatu hivi alijiona mjanja kupita wajanja wote.

Pazia likasogea. Binti alikuwa amesimama na kitasa mkononi.

"Yule ni mwalimu wetu," akasema.

"Yule ni mlezi."

"Ndiyo. Mlezi wa darasa. Kila darasa lina mlezi wake. Ndiye anayeita majina asubuhi."

"Mwalimu?"

"Anatufundisha hesabu."

Fundi akaketi juu ya debe. Akainua sinia la funguo mbovu, akatoa waraka, akampa. Binti akausoma mpaka kwenye mhuri. Siku nyingine angecheka mpaka apate kwikwi, na mjomba alikuwa anangoja acheke. Hakucheka.

"Umemwambia huna mtoto."

"Nilidhani..."

"Nimesikia." Akaurudisha waraka juu ya meza, akaunyoosha kwa kiganja. Kisha akauliza, bila kumtazama, "Na baba mdogo alipokuja, ulimwambia hivyo hivyo?"

Fundi akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, lakini yote yalikuwa ya kujitetea, na mdomo uliyakataa. Miaka sita alikuwa anawaogopa watu wote duniani wasije wakamchukulia mtoto. Hakuwahi kufikiria kwamba mtoto naye ana hofu yake, na kwamba ni mbaya kuliko ya kwake: kwamba siku ile hakuchukuliwa, alitolewa. Aliona aibu, aibu ya moto, inayoanzia masikioni. Akatoka mbio kumfuata mwalimu, akiwa na aproni yake ya kazi, mpaka kona ya posta, mpaka ya duka la viatu. Mwalimu hakuwepo. Akarudi anahema, akamkuta binti ameshavirudisha vitasa vyote ndani ya sanduku, bila mpangilio.

Jioni hawakuongea. Asubuhi binti akavaa sare bila kumuuliza mtu, na mjomba akavaa shati alilovaa mara ya mwisho kwenye mazishi. Wakaenda shuleni, binti mbele, fundi hatua kumi nyuma. Alipojaribu kukaza mwendo, naye binti akakaza.

Chumba cha walimu kilikuwa na meza kumi na mbili na viti saba. Fundi akapewa kiti cha mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani. Mwalimu akasukuma rundo la madaftari pembeni.

"Mimi ndiye fundi Komeo," akasema.

"Nakujua, mzee. Tulionana jana."

"Nilisema sina mtoto."

"Ulisema."

"Nilidanganya."

Akautoa waraka mfukoni, akaueleza alivyousoma, neno kwa neno, na ujumbe wa simu, na wenzake waliokusanywa. Alipofika kwenye "amezoea vizuri" mwalimu alishindwa, akacheka, akaziba mdomo kwa daftari la mtu. Kisha kicheko kikaisha ghafla.

"Juzi alikuja bibi mmoja," akasema. "Alikuwa na begi. Nikadhani anasafiri. Akaniambia zile ni nguo za mjukuu wake, zimefuliwa na kupigwa pasi, na kwamba mtoto akilala anatupa shuka, kwa hiyo nimfunike. Mimi sikumwelewa. Nilimwambia arudi nalo nyumbani, begi halihitajiki. Sasa ndiyo namwelewa."

Wote wawili wakamfikiria yule bibi anavyopiga pasi.

"Sasa neno lenyewe mlilitoa wapi?" fundi akauliza, kwa hasira kidogo.

"Lipo miaka yote. Humu ndani, mlezi ni mwalimu anayeshika darasa. Hatukufikiria kwamba nje ya lango ni mtu mwingine." Akajikuna kichwa kwa kalamu. "Unajua, mzee, zamani tulikuwa tunamtafuta mzazi mtoto akishavunja dirisha. Mzazi akiona namba ya shule anajua ni balaa. Mwaka huu tukasema tuanze mapema, kabla ya balaa, tumwambie mtoto anaendeleaje, aizoee sauti yetu. Na ndiyo tumeanza hivi."

Ingekuwa vizuri kusema kwamba fundi alitulia hapo. Hakutulia. Alikuwa analitazama jalada.

"Kuna lingine," akasema. "Mimi si baba yake."

"Najua. Yeye aliandika mjomba, wewe uliandika baba. Ndiyo sababu kwako nilikuwa napiga simu mwenyewe, sikuishia kwenye ujumbe."

Kumbe! Fundi alihisi jasho mgongoni, na ndani ya jasho lile, Mungu amsamehe, raha kidogo: hakuwa mwendawazimu, kitu kilikuwepo kweli. "Sasa mnanifanyaje?"

"Nabadilisha fomu. Na kwa kuwa huna hati, lazima nipeleke jina lako ofisi ya ustawi wa jamii. Watakupigia, watakuja, watauliza maswali."

"Na wakiona sifai?"

"Siwezi kukuahidi wataona nini. Mimi nitaandika ninachokijua, kwamba mtoto anakuja safi, ameshiba, na kazi yake imefanywa."

"Na nikikataa jina lisipelekwe?"

"Basi siku mtu yeyote akija hapa na barua, sisi hatutakuwa na kitu cha kumwonyesha."

Fundi akageuza uso. Dirishani watoto walikuwa wanapita kwa mstari, na binti yumo, anatazama mbele tu. Hakumwamini yule mwalimu kabisa, tusimpambe. Hakuiamini ofisi ya ustawi hata kidogo. Lakini safari hii kunyamaza kulikuwa kumeshamgharimu, na bei yake aliiona ikipita dirishani imevaa sare.

"Lipeleke," akasema.

Mchana alimngoja langoni. Binti alipotoka hakukimbia, lakini hakumsubiri pia. Walipovuka barabara fundi akasema, kwa haraka, kabla ujasiri haujamtoka, "Baba mdogo alipokuja sikusema kitu. Si ndiyo, si hapana. Nilikufunga viatu nikanyamaza."

Binti akatembea hatua kadhaa. "Viatu nakumbuka," akasema. "Ulivikaza sana." Hakuongeza neno, ila mwendo wake ulipungua, na mpaka wanafika kibandani walikuwa sambamba.

Siku nne zikapita za kutazama simu. Fundi aliichaji hata ilipokuwa imejaa. Mama Nakala alipita mara nne kuuliza kama kesi imeitwa, na mara zote nne akaambiwa hakuna kesi, akaondoka hajaridhika. Jumatatu, saa tisa na nusu, binti akiwa amekaa kwenye meza ya kazi anafanya hesabu zake katikati ya funguo, simu ikaita. Namba ngeni. Ikaita mara ya pili, ya tatu. Kidole cha fundi kilikuwa juu ya kitufe na hakikushuka. Binti aliacha kuandika. Hakuinua kichwa, ila kalamu ilisimama.

Mara ya tano fundi akapokea.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, kavu, ya mtu anayesoma kutoka kwenye karatasi. Ofisi ya ustawi wa jamii. Wamepata taarifa kutoka shuleni. Wanataka kuhakikisha mambo machache.

"Swali la kwanza," sauti ikasema. "Je, una mtoto?"

"Ninaye," fundi akasema. Alisema kwa nguvu mno, mpaka mashine ya Mama Nakala ikanyamaza upande wa pili wa ukuta. "Yuko hapa, anafanya hesabu."

"Ni nani wako?"

"Ni mtoto wa dada yangu. Mimi ni mjomba wake. Kwenye fomu niliandika baba, mwalimu ameshabadilisha."

"Umemlea muda gani?"

"Miaka minane, kasoro miezi mitatu."

"Hiyo miezi mitatu alikuwa wapi?"

Fundi akamtazama binti, na safari hii binti alikuwa anamtazama.

"Nilimtoa," akasema. "Alikuja mtu na barua, nikamtoa bila kuuliza hata swali moja. Lilikuwa kosa langu. Mtoto hakuwa na kosa lolote."

Upande wa pili ikasikika karatasi ikigeuzwa.

"Hilo la kosa," sauti ikauliza, "na lenyewe niliandike?"

"Liandike," fundi akasema, na binti akaendelea na hesabu zake.